Kabla ya Kupiga Hodi

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkanivisha ile shuka nyekundu ambayo siku hizi kila anayestaafu lazima avishwe hata kama hajawahi kuchunga mbuzi, kisha mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, hizi hadithi zote ulikuwa unazitoa wapi?" Nikacheka, nikasema ni Mungu. Mkapiga makofi. Hilo halikuwa jibu. Nimekaa nyumbani wiki kadhaa sasa, na naona afadhali niwaandikie jibu lenyewe, maana wawili wenu mnaendelea na mchezo wa Alhamisi na mtapita palepale nilipopita mimi.

Hadithi nilizitoa kwa watu. Nilikaa karibu nao nikasikiliza. Hiyo ndiyo kazi yote, na sehemu ya kwanza ya maandishi haya nitawaeleza inavyofanywa. Sehemu inayobaki inamhusu mama mmoja jirani yangu. Nilimsikiliza huyo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na ningeomba nyinyi msimsikilize mtu hivyo.

Nilifika kituo chetu cha redio nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mchezo mmoja nilioandika kwa mkono. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kahawa, kazi inayompa mtu nafasi nyingi ya kukaa. Aliyenipokea ni Wafula, mtayarishaji wa michezo, mtu wa upande wa Bungoma aliyekuwa ameishi Nyeri mpaka akazoea baridi yetu lakini si chakula chetu. Mchezo wangu ulikuwa wa wanawake wawili wanaogombana kwa sababu kuku wa mmoja ameingia kwa shamba la mwenzake. Wa kwanza alisema, "Ewe jirani, mbona wanidhulumu?" Wafula alisoma ukurasa mmoja akavua miwani.

"Ndugu yangu, huyu kuku ni wa Nyeri?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hawa wanawake ni wa wapi?"

Kesho yake alinituma hospitalini, kwenye benchi ya watu wanaongoja dawa. Nilipewa sharti moja, nisibebe kalamu. Alisema kalamu huwaogopesha watu, tena humdanganya mwenyewe kwamba amesikia. Nilikaa hapo kutwa nzima. Karibu nami kulikuwa na mzee aliyekuja kuchukua majibu ya mkewe. Hakusema neno juu ya mkewe. Alituambia habari za ua ambao jirani yake alikuwa amesogeza, alivyousogeza kidogo kidogo, fito moja kila msimu wa mvua. Jina lake lilipoitwa aliendelea na habari za ua mpaka muuguzi akamshika kiwiko.

Jioni Wafula hakuniuliza watu walisema nini. Aliniuliza kila mmoja alisema nini badala ya kile alichotaka kusema. Nikamweleza yule mzee. Akasema, "Andika ua. Ugonjwa usiutaje." Sijapata somo lingine la uandishi lililozidi hilo, na nimehudhuria semina tatu ambako tulipewa soda.

Alinituma mahali pengi. Kule Kangari alinipeleka kwa ajili ya mchezo wa majani chai, nikakaa kwenye kituo cha kupimia majani huku mvua ikinyunyiza bila kukoma. Wachumaji walivaa aproni za plastiki zilizofungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge. Karani alikuwa akiingiza mkono wote ndani ya gunia kutafuta majani magumu, na nikaona kwamba kila mwanamke, zamu yake ikifika, aligeuza uso pembeni kama kwamba anayepekuliwa ni yeye. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Lilikuwa pale tu kwa mtu aliye tayari kukaa kwenye mvua. Mkumbuke Kangari, nitarudi huko.

Vifaa vyetu mnavijua, ingawa sasa mnavitoa kwenye kompyuta. Karai la kokoto lilikuwa barabara. Maganda makavu ya mahindi yalikuwa moto. Bawaba kuukuu iliyopigiliwa kwenye ubao ilikuwa malango yote ya mkoa huu. Kwa kukamua ng'ombe tulitumia bomba la sindano ya daktari wa mifugo, tukirusha maji ndani ya ndoo. Wakati fulani msikilizaji mmoja alipiga simu akiwa amekasirika kabisa. Alisema yule mama amekamua tangu habari za magazeti ziishe, na ndoo bado inalia kama tupu. Alikuwa na haki. Ndoo tupu hulia kwa sauti ya juu na kali, na kadiri inavyojaa sauti hushuka na kunona. Tangu siku hiyo nilienda kununua maziwa masikio yakiwa wazi.

Maziwa tuliyanunua kwa Mama Maina, ambaye shamba lake linapakana na letu, nje kidogo ya mji. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, na nusu ya mtaa ilipanga foleni kwake kila asubuhi. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kukamua aligonga kitako cha ndoo mara mbili, akasafisha koo kama shemasi anayetaka kuomba, kisha akamwambia ng'ombe, "Haya, tupeane." Sisi wa foleni tulizoea kuijibu pamoja, "Tupeane," yeye akatuambia tunyamaze tusimwaibishe mnyama.

Mwanawe Maina alikuwa dereva wa lori la viazi. Aliishi hapohapo kwa mama yake, kwenye nyumba ya mbele, na mkewe Wambui na mtoto wao wa kike. Kama ilivyo kwetu, mtoto huyo wa kwanza wa kike alipewa jina la bibi yake, mama ya baba, kwa hiyo aliitwa Muthoni kama Mama Maina mwenyewe. Maina alikuwa mpole barabarani na mkali nyumbani. Siku moja alimvunja Wambui mkono. Mkono ulipopona, Wambui alitoweka na mtoto. Kanisani Mama Maina alisimama akaomba maombi, akasema mkaza mwanawe ametoroka na mjukuu wake bila hata kwaheri. Tulimhurumia sana. Mke wangu alimpelekea unga.

Wakati huo mchezo wa Alhamisi ulikuwa unakufa. Mkubwa wetu alisema ukiendelea kuchosha watu nafasi yake itapewa mahubiri, kwa sababu mhubiri angalau huja amejitayarisha. Nilikuwa sina kitu. Nilikuwa nimekaa kila benchi ya Nyeri.

Asubuhi moja tulikuwa na wageni, na mke wangu akanituma maziwa mapema kuliko kawaida. Kwetu mtu hupiga hodi langoni, hata mtoto anajua, na kwa Mama Maina ilikuwa lazima zaidi kwa kuwa ng'ombe wake akishtuliwa na mgeni hufunga maziwa. Nilifika kwenye ua wake wa miiba ya kaiyaba nikiwa nimeshafungua mdomo. Nikasikia Mama Maina anaongea. Alikuwa anakamua, na simu ameichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa, kwenye sikio.

Alisema, "Ongea tu, ameenda na lori." Akauliza kama mtoto amekunywa dawa. Akasema, "Hebu nipatie yeye," na sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Muthoni. Ni mimi, Muthoni. Uko na baridi?" Kisha akacheka kwa jambo ambalo sikulisikia. Kisha akasema, tena kwa sauti yake ya kawaida, "Hapana, hajui. Ameniuliza tena, nikamwambia hata mimi ulinitoroka. Wewe kata maua yako. Huko Timau hatafika kama mimi sijafungua mdomo."

Nilisimama nyuma ya ua mpaka ndoo ilipoanza kunona. Halafu nikarudi nyuma kwa ncha za viatu, nikageuka, nikaja tena nikikanyaga kwa nguvu, na nikapiga hodi kama mtu aliyefika sasa hivi. Ni mbinu ya studio. Mtu hukanyaga kokoto papo hapo, kwanza polepole kisha kwa nguvu, na msikilizaji huamini ametoka mbali.

Niliandika sehemu nne kwa wiki moja. Mama mkwe anayelia hadharani kwamba mkaza mwana amemtoroka, na kumbe ndiye aliyemtorosha. Wafula alisoma akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Huyu mama yuko?" akauliza.

"Nimembuni."

Alinitazama kidogo. "Kama yuko, mbadilishe mpaka yeye mwenyewe akisikia aulize huyu ni nani."

Nami nilibadilisha. Nataka muone nilivyokuwa mwangalifu, maana uangalifu wangu ndio uliokuwa kosa. Nilibadilisha majina yote. Kijiji nilikihamisha. Mjane nilimpa mume. Mwana nilimfanya fundi wa kushona viatu, na Timau sikuitaja kabisa. Ng'ombe nilifikiria kumfanya mbuzi, lakini ng'ombe tulikuwa tumeshampatia sauti nzuri. Kila kitu ambacho macho yangekitambua nilidhani nimekiondoa. Kisha nikamchukua Beatrice, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa anaigiza mama mkwe, nikamfundisha kugonga ndoo mara mbili, na koo la shemasi, na "Haya, tupeane." Nilimrudisha mara nyingi mpaka ikawa sawasawa. Studio nzima ilifurahi. Mimi, mtu wa redio, nilimficha mama yule kwa wanaoona, nikamwacha wazi kwa wanaosikia.

Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu utamu huo ndio uliofanya nisiulize.

Ndoo ilisikika kwenye sehemu ya tatu. Ijumaa asubuhi nilienda kwa maziwa kama kawaida. Foleni ilikuwa kimya, halafu kijana mmoja wa bodaboda akasema nyuma yangu, "Tupeane," na watu wawili wakacheka wakaacha. Mama Maina hakugonga ndoo. Alikamua tu. Alimpimia kila mtu, na zamu yangu ilipofika akaniambia nisimame kando. Wote walipoondoka aliketi kwenye kibao chake, mikono juu ya magoti.

"Baba Wangari, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nilimwonyesha ua.

"Siku gani?"

"Ile siku tulikuwa na wageni."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema jioni ya jana hakusikiliza redio, alikuwa kwa maombi ya akina mama. Maina ndiye aliyesikia, kwa bucha, mbele ya watu. Mchezo ulipofika kwenye ndoo mwenye bucha aliacha kukata nyama akasema, huyo si mama yako? Na watu wakacheka, wakamwuliza Maina kama mkewe naye yuko ndani ya redio.

"Amekuja hapa hajapiga kelele," Mama Maina akasema. "Ameketi kwa kiti ya baba yake. Akaniambia, mama, hebu ita ng'ombe nisikie."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia ng'ombe imelala. Akacheka. Mimi ndio nimezaa huyo mtoto, Baba Wangari. Najua akicheka hivyo."

Akaniuliza, "Hiyo ya Alhamisi inakuja, umesema ako wapi?"

Ilikuwa imesharekodiwa. Nikamwambia sikutaja mji. Nilisema tu kuna banda la kufungia maua, na ng'ambo ya barabara ni ngano mpaka macho yachoke.

"Maua na ngano." Alisema maneno hayo kwa utulivu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Maina amebeba viazi hiyo barabara yote. Atakuwa huko kabla mchezo haijaisha."

"Nitaitoa, Mama Maina. Leo."

"Itoe. Lakini ile imetoka, utairudisha na nini?"

Kisha akanijazia chupa, kipimo kilekile cha kila siku, na nikaichukua kwa sababu sikujua jinsi ya kutoichukua.

Nilienda moja kwa moja kwa Wafula. Nilimwambia yote nikiwa mlangoni. Alifungua kompyuta, akaitoa sehemu ya nne, akaitoa na ya tano tuliyokuwa hatujamaliza, akaweka mahali pake kichekesho cha zamani cha bwana harusi aliyepoteza viatu. Ndipo akageuka.

"Uliniambia umembuni."

"Nilidanganya."

"Mimi nilikufundisha kusikiliza," akasema. "Kunyamaza sikukufundisha. Nilidhani hiyo ulikuja nayo."

Sitasahau hilo. Alikuwa na haki ya kunifukuza na hakunifukuza, na mara nyingi nimewaza kwamba ingekuwa rahisi kwangu kama angefanya hivyo.

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye hoteli iliyo ng'ambo ya kituo, nikinywa chai. Maina aliingia. Alinawa mikono kwenye bomba la ukutani, akaipangusa vizuri, kidole kwa kidole, akaja kwenye meza yangu.

"Mzee, naweza keti?"

Aliagiza chai na chapati mbili, moja akanisogezea. Aliuliza habari za mke wangu. Aliuliza kama Wangari wetu bado anasomea Karatina. Huyu alikuwa mtu niliyemjua tangu akiwa anabebwa mgongoni.

"Hiyo hadithi yako ni tamu," akasema. "Watu wa bucha wananiambia ningoje Alhamisi."

"Ni hadithi tu, Maina."

"Najua. Niko na swali moja tu ya hadithi. Huyo bibi amefichwa wapi?"

Ningesema sijui, asingeniamini, maana mwandishi ni mimi. Ningesema hayupo popote, asingeniamini pia, kwa kuwa alishasikia ndoo ya mama yake. Alikuwa anangoja jina la mahali, na hangeondoka kabla ya kulipata. Nikasema, "Kangari."

"Kangari wapi?"

Hapo ndipo mafunzo yangu yote yalipokuja yenyewe, kama maziwa ya ng'ombe asiyeshtuliwa. Nilimpa mvua inayonyunyiza. Nikampa aproni za plastiki na kamba ya mkonge. Nikampa mkono wa karani ndani ya gunia, na wanawake wanaogeuza uso. Nilimweka Wambui kwenye foleni ile, nikamgeuza uso naye. Maina aliacha kutafuna. Katika miaka yangu yote sikuwahi kupata msikilizaji kama yeye.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto hubaki na jirani."

"Anaitwa nani, kwa hadithi?"

"Hatujampa jina."

"Mtoto lazima ako na jina, mzee," akasema, bila ukali wowote. Akaamka, akaweka pesa ya chai ya wote wawili chini ya kikombe, akatoka.

Nilijisifu mpaka nilipofika nyumbani. Nilimsimulia mke wangu jinsi nilivyompeleka Maina upande mwingine kabisa wa milima. Alinisikiliza akimenya viazi. Akaniuliza swali moja, kama huko Kangari hakuna wanawake.

Sikuwa nimewaza hilo. Kangari kulikuwa na wanawake wengi, na hapana shaka kati yao kulikuwa na mgeni fulani anayechuma na mtoto wake anabaki kwa jirani. Nilimtuma mtu mwenye hasira kwenye mji wa watu wengine, nikamwonyesha hata foleni ya kuangalia. Jumapili sikuenda kanisani. Jumatatu asubuhi nilienda Kangari mwenyewe, bila kujua nitafanya nini nikimkuta.

Sikumkuta. Kwenye kituo kile cha zamani nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anatingisha maji kwenye aproni yake kama kuna mtu aliyekuja kumtafuta mchumaji mgeni mwenye mtoto. Alicheka na mwenzake. Akasema alikuja jana, wakamwambia aulize kituo kinachofuata. Huko wakamwambia aulize kile cha juu yake, na cha juu wakamrudisha cha chini, na hivyo hivyo mpaka viatu vyake vikafunguka soli, akaenda zake.

"Wanaume wa kutafuta mabibi tunawajua," akasema. "Hao huwa hawaji na gamubuti." Halafu akaangalia viatu vyangu vya ofisi. "Na wewe mzee, unatafuta nani?"

Nikasema simtafuti mtu. Akanielekeza kituo kinachofuata.

Alhamisi Maina aliketi kwa bucha akasikiliza kichekesho cha bwana harusi na viatu. Waliokuwepo wanasema hakucheka, wala hakuondoka mpaka kilipokwisha. Kwangu hakuja tena. Baadaye alichukua kazi na lori jingine, upande wa Nakuru, na mpaka leo hajampata Wambui.

Mtu angeweza kusimamisha hadithi hapo aseme hakuna aliyeumia. Wasikilizaji wangependa iishe hivyo. Lakini Ijumaa ileile, nilipokuwa njiani kwenda kwa Wafula na ile chupa ya maziwa mkononi, Mama Maina alimpigia simu Wambui akamwambia aondoke. Wambui aliacha kazi ya maua kabla ya jua kutua. Alibadilisha laini ya simu. Hakumwambia mtu yeyote anakokwenda, hata mama mkwe wake, kwa sababu siri iliyokuwa ya watu wawili ilisikika kwenye redio na yeye hakuwa na njia ya kujua ilipitia wapi. Mama Maina alimwambia mke wangu hayo, si mimi. Alisema hajui kama mtoto anapata dawa. Alisema kwa kupiga simu zile za asubuhi alikuwa anamsikia Muthoni akikua, maneno yakiongezeka, na sasa hajui ni neno gani lilifuata.

Tangu siku hiyo alikamua kimya. Hakugonga ndoo, hakusafisha koo. Simu haikukaa tena kwenye kitambaa. Wiki za kwanza ng'ombe alipunguza maziwa, na hata wale wa bodaboda waliacha mzaha. Mimi niliendelea kupanga foleni pamoja na wengine. Niliomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza alisema amesikia. Ya pili aliniambia nisogee, nyuma yangu kuna watu.

Nyinyi mmenijua baada ya hayo. Mlishangaa kwa nini nilikuwa naandika polepole, na kwa nini nilipoletewa mswada wenye mhusika mtamu sana niliuliza alitoka kwa nani. Sikuwa natafuta makosa. Nimeendelea kukaa kwenye mabenchi, na nawaomba mkae pia, maana anayejifungia chumbani huishia na yule jirani wangu wa "mbona wanidhulumu." Sikilizeni watu wanavyozunguka jambo bila kulitaja. Angalieni wanakotazama mikono ya mwingine inapoingia ndani ya vitu vyao. Lakini kikohozi kichukueni kwa mtu mmoja, ndoo kwa mwingine, na huzuni kwa wa tatu, kisha vikae pamoja mpaka hata nyinyi mshindwe kukumbuka kipi kilikuwa cha nani. Na jambo ambalo mtu amelisema akidhani yuko peke yake, hilo si lenu. Hata likiwa tamu. Likiwa tamu ndiyo zaidi. Dawa yake ni ndogo, kila mtoto wa kwetu anaijua: piga hodi kwanza, na usikie kile watakachosema wakijua upo.

Wafula alistaafu kabla yangu, akarudi kwao. Tulipoagana alinishika mkono akaniuliza kama yule mama ameanza kuongea na ng'ombe. Nikamwambia bado.

Juzi, wiki kadhaa baada ya keki yenu, niliamka mapema kwa mazoea ya kazi nikaona niende kwa maziwa kabla ya foleni. Umande ulikuwa mzito. Nilikuwa bado mbali na ua wa kaiyaba, sijafika hata langoni, nikasikia ndoo ikigongwa. Mara mbili. Nikasimama. Koo likasafishwa. Kisha Mama Maina akacheka, cheko dogo, la mtu aliyeambiwa kitu.

Labda simu ilikuwa imerudi kwenye kitambaa, labda alikuwa anamchekea ng'ombe. Sijui, na sitajua. Niligeuka hapohapo nikarudi nyumbani, nikikanyaga majani ya kando ya njia ili viatu visilie kwenye kokoto.

Mke wangu alitazama chupa tupu akaniuliza kwani ng'ombe amefanya nini. Nikamwambia nilifika mapema mno. Alibandika maji, na asubuhi hiyo tukanywa chai ya rangi.